Mbuzi wa Shangazi na Roboti ya Beni

Beni, Mulekera, tarehe 6 Oktoba 2002

Séphora, mudogo wangu ninayempenda hata anaponichosha,

Amani kwako, kwa Papa Stanislas, kwa Mama, na kwa Shangazi Julienne. Sisi huku tu wazima. Ninapoandika "sisi" bado nacheka peke yangu, kwa sababu sasa "sisi" ni mimi na Ignace. Asubuhi naamka kabla yake ili nimtazame akilala. Hata usingizini amekunja paji la uso kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Alhamisi alirudi kutoka shuleni na muwa mrefu begani. Aliubeba toka sokoni mpaka nyumbani, mbele ya wanafunzi wake wote, kwa sababu nilikuwa nimesema nina hamu ya muwa. Profesa wa fizikia, mtu wa Kasai, na muwa begani. Niambie kama huko Butembo umekwisha kuona mapenzi ya namna hiyo.

Haya. Ignace anauliza kila mara kama radio inasema vizuri. Unajua anavyoona haya juu ya ile radio. Mbuzi wengine wote wa mahari aliwapata, akabaki mbuzi wa Shangazi. Vita vimekata nchi, ndugu zake hawakuweza kutoka Kasai kuja kumsaidia, donc basi akatoa radio-kaseti yake mwenyewe badala ya mbuzi. Shangazi aliipokea, watu wakacheka, na mpaka leo parcelle nzima, nyumba zote za ua wetu, inaiita mbuzi. Sasa mwenye kuitoa anataka kujua kama mbuzi wake anapendwa. Unijibu, nimpe habari.

Jambo lenyewe ni hili. Barua ya Padri Malachie kuhusu mashindano ya roboti imefika hata hapa. Ignace ataongoza timu ya shule yake. Nimesikia kwamba wewe utasimama kwa section yenu ya umeme, msichana peke yako. Nimefurahi mpaka nimeimba jikoni. Lakini sharti la Padri linamkasirisha Ignace. Eti kila kipande kiwe kimetengenezwa kwa mkono, ao kimetolewa ndani ya kitu kilichokufa, na kununua ni marufuku. Ignace anasema hakuna injinia duniani anayechonga skrubu zake mwenyewe. Anayejua kuchagua vipande na kuviunganisha, huyo ndiye anayejenga. Mimi naona ana haki. Mfanyabiashara Muyisa anakwenda Dubai mwezi ujao. Nikuagizie motere ndogo ya kuzungusha magurudumu? Padri atajuaje?

Dada yako aliyeolewa vizuri kuliko wote,
Bénie


Butembo, Bulengera, tarehe 27 Oktoba 2002

Yaya Bénie,

Barua yako imeletwa na Jacob, dereva wa camion ya mizigo, ikiwa inanuka samaki wa chumvi. Hata hivyo tumeisoma. Mama alikuwa Masereka kwa kuvuna viazi, amerudi na maumivu ya mgongo. Papa anakohoa lakini anakataa kusema kwamba anakohoa. Wote wanawasalimu.

Usiniagizie kitu. Namwambia shemeji kwa heshima yote kwamba sharti la Padri ni zuri. Hapa mjini kuna watoto ambao baba zao wanakwenda Dubai kama vile sisi tunavyokwenda kisimani. Kama kununua kungeruhusiwa, wangenunua ushindi na mimi ningekuja kuwapigia makofi. Na wewe, Yaya, dada mkubwa uliyefundishwa katekisimu pamoja nami, usiniulize Padri atajuaje.

Kazi ya roboti ni kubeba kopo la maji juu ya meza ndefu, kugonga ukuta wa ubao, kugeuka na kurudi bila kuguswa na mtu. Magurudumu ninayo, ni vifuniko vya dawa. Kigeuzi nimekitengeneza kwa wembe na kipande cha bati. Kinachokosekana ni motere. Nimezunguka kwa mafundi wote. Shida ni kwamba katika Butembo hakuna kitu kinachokufa. Radio ikizimika saa nne, saa sita fundi amekwisha kuifufua kwa waya wa baiskeli. Nikiuliza kama wana radio iliyokufa wananitazama kana kwamba nimewatukana.

Nakuambia pia kwa nini siwezi kucheza na jambo hili. Papa amesema mbele ya Mama na Shangazi: "Ukikuwa wa kwanza, unabakia mu umeme. Ukikosa, mwezi wa tisa unaingia mu coupe-couture, kushona nguo kama benzako." Hakupiga kelele. Unamjua, asipopiga kelele amemaliza.

Shangazi anakusalimu.

Séphora


Beni, tarehe 10 Novemba 2002

Mudogo wangu,

Natumaini mgongo wa Mama umepoa. Mwambie apake mafuta ya moto, na asibebe kitu, ninyi mko hapo kwa ajili gani? Mimi ninanenepa. Ignace amejifunza kupika sombe ya majani ya muhogo kwa namna ya kwao, inakuwa nzito kama udongo, naila yote kwa sababu anakaa mbele yangu kutazama kama napenda. Jioni ananisomea kitabu cha fizikia kwa sauti. Sielewi kitu, lakini sauti yake, Séphora, ningeisikiliza hata akisoma bei za chumvi.

Sasa nakasirika kidogo. Nilikuuliza juu ya radio. Umeandika ukurasa mzima juu ya wembe na bati, kisha "Shangazi anakusalimu". Hilo ni jibu? Ignace aliingia na viatu vyenye matope kuniuliza habari ya mbuzi wake, nikabaki kusema kwamba labda ukurasa mmoja umepotea njiani. Nimemdanganya mume wangu kwa ajili ya uvivu wako.

Juu ya Papa, nimelia. Wewe na cherehani? Utashona shati utokeze waya. Kwa hiyo nisikilize badala ya kunihubiria. Ignace anauliza swali hili: motere unayoitafuta, ukiipata ndani ya radio iliyokufa, je, utakuwa umeitengeneza wewe? Kuna mtu kiwandani aliitengeneza, na mtu mwingine aliinunua. Donc tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba mmoja amechafuka mikono. Hivyo ndivyo alivyosema, nami nakuachia wewe umjibu.

Muyisa amekwisha kuondoka. Ungesema ndiyo, ungekuwa na motere kabla ya Noeli.

Bénie wako, mwenye subira inayopungua


Butembo, tarehe 1 Desemba 2002

Yaya,

Mgongo wa Mama umepoa kweli. Kwa kikohozi cha Papa, sisi wote tunajifanya hatusikii.

Mjibu shemeji hivi. Tofauti ni kwamba kitu ulichokifungua mwenyewe, kikiharibika mbele ya watu, unajua pa kutia kidole. Kitu ulichonunua kikiharibika, unakitazama tu kama mgonjwa wa mtu mwingine.

Nimepata motere. Roboti inatembea. Mkanda wake ni mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, niliukata mwembamba kama uzi wa kiatu. Mara ya kwanza ilikwenda moja kwa moja mpaka ikaanguka toka mezani. Mara ya pili iligonga ukuta ikabaki pale inasukuma, inasukuma, kama mbishi. Sasa inageuka. Maji yanamwagika kidogo wakati wa kugeuka kwa sababu mkanda unateleza, hilo bado nalishughulikia.

Radio haisumbui mtu.

Nimekuuliza jambo? Sikukuuliza. Nakuuliza sasa. Timu ya shemeji imepata motere wapi?

Séphora


Beni, tarehe 12 Januari 2003

Séphora,

Barua yako ya Desemba imenifikia leo. Camion ya Jacob ilizuiliwa kwa majuma mengi, barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Noeli tulifanya sisi wawili na familia ya watu kumi na mmoja tusiyoijua. Walitoka upande wa msitu, wametembea na vyungu na watoto, na wanalala sebuleni kwetu. Madarasa ya Ignace yamejaa wakimbizi, hakuna ubao usioanikiwa nepi. Yeye anafundisha chini ya paa la jiko la shule. Nilimwona akichora duara la umeme kwa mkaa juu ya mlango. Hata nilipokuwa na hofu, nilisimama pale nikamtazama. Usimwambie Mama kwamba nilikuwa na hofu. Mwambie tulikula kuku.

Padri ametangaza kwamba mashindano yamesogezwa mpaka tarehe 22 Februari, huko Butembo. Timu ya Ignace sasa inafanya kazi chumbani mwetu kwa sababu shule haina nafasi. Unauliza walipata motere wapi. Ni siri ya timu, usiulize adui siri zake.

Lakini wewe ndiwe unayenitia wazimu. "Radio haisumbui mtu." Nimemuuliza Jacob, naye hana adabu ya kuficha. Anasema parcelle yetu ina kimya jioni, na Papa anavuka barabara kwenda kusikiliza habari kwa jirani, na kiti chake mwenyewe mkononi. Katika siku hizi, ambapo kila mtu anataka kujua barabara ipi imefungwa, Papa anaomba habari kwa jirani? Radio iko wapi? Imeibwa? Wanajeshi wameichukua? Shangazi ameiuza? Ignace ameacha kuuliza, na hilo ndilo baya. Mtu akiuliza bado anatumaini. Ananitazama tu barua zako zikifika, ananingoja nimalize, kisha anatoka kupasua kuni.

Unijibu kwa sentensi moja yenye kiima na kitenzi.

Bénie


Butembo, tarehe 26 Januari 2003

Yaya,

Tumeshukuru Mungu kwamba mko wazima. Mama hakuamini habari ya kuku.

Radio haikuibwa. Muulize Shangazi.

Sharti la Padri halisemi kwamba motere ni siri. Linasema kila timu itaeleza kila kipande kilitoka wapi.

Séphora


Butembo, tarehe 24 Februari 2003

Yaya Bénie,

Papa, Mama na Shangazi wanakusalimu, kila mmoja kwa sauti yake. Shemeji amekwisha kufika huko na kukueleza mashindano kwa upande wake. Upande wangu ni huu.

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Padri Malachie alisimama kwenye meza ndefu, na kila timu ilimletea mashine yake kabla ya kuiwasha. Timu moja ilikuwa na motere iliyotoka kwenye mashine ya kunyolea. Wengine wawili walirudishwa kwa sababu ya magurudumu ya dukani. Mimi nilikuwa wa nne. Shemeji alikuwa amesimama karibu, na kofia kichwani. Padri aliinua roboti yangu akaitazama chini. Alipoigeuza, shemeji akaona motere, na ile chuma yenye rangi ya fedha ambayo zamani ilifunika kaseti. Alivua kofia. Akaivaa tena. Akaivua.

Padri aliniuliza: "Hii ulitoa mu radio ya kufa?"

Ningeweza kusema ndiyo, Yaya. Papa alikuwa safu ya mbele na mikono juu ya magoti. Nikasema hapana, ilikuwa nzima, ilikuwa inaimba vizuri kabisa siku nilipoifungua. Padri akaanza kunieleza kwa huruma kwamba sharti ni sharti.

Ndipo Shangazi akasimama katikati ya wamama wa Legio, chama chao cha sala, amevaa kile kitambaa chake cha Pasaka. Akasema: "Padri, ile ilikuwa mbuzi yangu ya mahari. Balinipa miye, hapana wewe. Mbuzi ya mahari banachinja, banakula. Mi nilichinja yangu. Sasa uko unauliza kama ilikufa na ugonjwa?"

Watu walicheka mpaka Padri mwenyewe akashika meza. Wazee wa safu ya mbele wakaanza kujadiliana, na mmoja akasema Shangazi ana haki, mbuzi ni mali ya aliyepewa. Padri akasema basi, imekufa. Shemeji hakucheka. Aliangalia kofia yake.

Wakaita Beni. Roboti yenu ilikuja imevaa nguo nyekundu mpaka chini, yenye vifungo. Padri akauliza vipande vilitoka wapi. Shemeji akasema, "Ni kazi ya wanafunzi wangu." Padri hakuivua nguo. Huwezi kumvua nguo roboti ya profesa aliyekuja kwa barabara hii.

Yangu ilikwenda, ikageuka, mkanda ukateleza, maji yakamwagika nusu. Yenu ilikwenda, ikagonga ukuta, ikageuka kwa utulivu kama kitu kilichozoea. Hakuna tone lililoanguka. Ninyi wa kwanza, mimi wa pili. Niliwapigia makofi.

Séphora


Beni, tarehe 2 Machi 2003

Séphora,

Sikusalimu kwanza. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Ignace alifika na zawadi ya ushindi mkononi na uso wa mtu aliyetoka mazishi. Nilikuwa nimempikia, nimevaa kile kitambaa cha njano anachokipenda, nimewaomba wageni wetu wakae nje ili nimpokee peke yangu. Hakuona kitambaa. Aliketi kitandani akasema tu: "Balichinja radio." Mbele ya mji mzima, Séphora. Mbele ya watu wanaosema kila siku kwamba mtu wa Kasai hajui desturi. Ndoa yangu haina mwaka, na mahari yake imekwisha kufunguliwa kwa bisibisi, na shangazi yangu mwenyewe anatangaza ukumbini kama mtu anayejisifu kwa kuua nyoka.

Na wewe ulijua. Tangu Novemba ulijua. Nilikuuliza kwa upole, nikakuuliza kwa hasira, nikakuomba sentensi moja. Ulinipa "haisumbui mtu". Ningejua mapema, ningemwandaa. Ningemweleza polepole, jioni, nikiwa nimeshika mkono wake. Badala yake alijua kwa kuona matumbo ya zawadi yake juu ya meza.

Kama ulihitaji motere, mimi si nilitaka kukununulia? Mara ngapi? Lakini hapana, wewe ni mtakatifu wa waya na bati. Haya, usafi wako umetufikisha hapa. Na yeye amekuwa wa kwanza, na hawezi hata kufurahi.

Nieleze, ao usiniandikie tena.

Bénie


Butembo, tarehe 10 Machi 2003

Yaya yangu,

Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia ndiyo.

Nakueleza. Novemba Shangazi aliingia kwenye atelier yangu, kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, na radio kichwani, kama anavyobeba mkungu wa ndizi. Akaiweka chini. Alisema mbuzi angekula majani ya bure, lakini hii inakula mawe ya radio, betri mpya kila juma, na juu ya hayo parcelle nzima inakuja kukaa nyumbani kwake jioni na kumaliza chai. Akasema: "Chinja." Nilikataa. Akasema ni yake, na kama sitaki atampelekea fundi. Nilikuwa nimetafuta motere mwezi mzima, Yaya. Nilichukua bisibisi.

Sikukuambia kwa sababu ya neno lingine alilosema akitoka. Alisema mwanaume anayetoa kitu badala ya mbuzi, atatoa kitu badala ya kila kitu. Wewe ulikuwa umeniandikia habari ya muwa. Ningekuandikiaje neno hilo? Nilifikiri, acha anione mvivu, acha anione mjinga, hilo litapita. Sikujua kwamba shemeji angejua kwa njia ile. Kwa hilo namwomba radhi, na mwambie motere yake ni imara, haikupata joto hata mara moja.

Papa amekwisha kwenda kwa masista wa coupe-couture kuniombea nafasi. Jumanne sista mmoja alinipima mabega kwa ajili ya blouse ya bluu. Papa alinunua mkasi, akauweka juu ya mto wangu. Nafikiri alidhani ni wema. Jibu la mwisho anatakiwa kulipeleka kwao kabla ya Pasaka.

Neno moja tena, halafu nanyamaza kweli. Mwambie aliyeshona nguo ya roboti yenu kwamba pindo lake ni zuri sana. Ni lile la kukunja mara mbili na kurudisha sindano nyuma, ambalo Mama alitufundisha sisi wawili, na wewe tu ndiye uliyeliweza. Nililiona kwa karibu, roboti ilipogeuka nguo ikainuka. Niliona na magurudumu.

Sikumwonyesha mtu.

Séphora


Beni, tarehe 16 Machi 2003

Séphora,

Umenisalimia kwa upole, na mimi sikustahili, kwa hiyo nakusalimu mara mbili.

Barua yako niliisoma nimesimama karibu na jiko, mpaka sombe ikaungua. Kisha nilingoja Ignace arudi. Wageni wetu walikuwa wametoka kutafuta kuni, nyumba ilikuwa yetu. Nilimwambia kwamba mudogo wangu anapimwa mabega kwa ajili ya cherehani. Alisikitika kweli, ana moyo mzuri, hilo usilitilie mashaka hata siku moja. Akaanza kufikiria kama anaweza kumwandikia Papa, mwalimu kwa mzazi, kueleza kwamba msichana ana kipaji. Barua nzuri, alisema, kwa Kifaransa.

Nilimwambia barua haihitajiki. Kinachohitajika ni kwamba wa kwanza awe wa kwanza.

Basi akarudia yote unayoyajua. Skrubu. Mainjinia. Kwamba Muyisa alileta kigari kimoja tu cha mtoto, na wanafunzi walikifungua kwa mikono yao, wakakiongezea ubao na kiti cha kopo, na hiyo pia ni kujenga. Kwamba shule yake haina ubao wala dawati, wakimbizi wamelalia hata meza za maabara, wangetafuta vitu vilivyokufa wapi, na watoto wale walihitaji kushinda kitu kimoja mwaka huu. Alisema vizuri. Unajua ninavyoisikiliza sauti yake. Niliisikiliza mpaka mwisho, na nusu yake nilikubali.

Kisha nikamuuliza: "Kama kununua haiko kosa, juu ya nini tuliivalisha nguo?"

Ni mimi niliyeishona, Séphora. Aliniomba kitu cha kuipendezesha, na nilifurahi kuombwa, nikakata sketi yangu nyekundu ya uchumba. Nilijua ninafunika nini. Nilikuwa ninakuuliza wewe radio iko wapi, na sindano mkononi.

Nilitoa roboti chini ya kitanda, nikafumua pindo lote. Kushona kulinichukua jioni mbili, kufumua ni muda wa kuchemsha maji. Chini yake kuna kigari chekundu chenye macho ya kioo. Katoni yake Muyisa alituachia, ina picha ya kigari hicho hicho juu. Nimekirudisha ndani, pamoja na zawadi ya ushindi, nikafunga kwa kamba na kuandika jina la Padri Malachie. Ignace alisimama mlangoni muda wote. Hakunizuia, wala hakunisaidia. Alipoona naandika jina la Padri alitoka nje, na mpaka sasa hajanisemesha neno. Alilala ameangalia ukuta. Nililala nikiangalia mgongo wake. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kumpenda mwanaume na kutamani kumpiga na mwiko katika dakika ile ile. Wanawake wa parcelle hawakuniambia hilo wakati wa kunifunda, na nitawauliza kwa nini.

Jacob anaondoka kesho alfajiri kama barabara iko wazi. Akifika, katoni inakwenda moja kwa moja kwa Padri. Uwe pale, na umlete Papa, aone kwa macho yake. Shangazi mwache nyumbani. Nitazungumza naye mimi mwenyewe nikija Pasaka, na nitakuja nikiongoza mbuzi mwenye miguu minne, nimeshamchagua.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kutia jina, Ignace akaingia. Ameketi upande wa pili wa meza. Ameuliza kama kuna chakula. Nimemwekea. Amekula, halafu ameuliza katoni inakwenda na barua ao hapana. Nimemwambia inakwenda peke yake, yeyote akiifungua ataelewa.

Amesukuma sahani. Amesema: "Hapana. Tia barua. Andika kama ni mimi nilinunua, na ni mimi nilisema uongo. Batoto bale basiguswe."

Nimemwambia aandike mwenyewe. Nimemsogezea karatasi na taa. Anaandika sasa, amekunja paji la uso, na ameniomba kalamu hii, ndiyo sababu namaliza hapa.

Bénie